Mtungi wa Nne

Mkaguzi Mwamvua hakukaa alipokaribishwa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza iliyokuwa ukutani, akahesabu skrini, kisha akahesabu viti. Skrini zilikuwa nne. Kiti kilikuwa kimoja.

"Mtu mmoja alikuwa anatazama magari yote manne?"

Ridhiwani alisema ndiyo, na ni halali kabisa, imeandikwa kwenye mpango. Yeye ndiye mratibu wa kampuni ya Tulivu kwa Kasulu na Kibondo, na tangu Jumatatu alikuwa ameshalieleza jambo hilo kwa watu wengi, maana maneno yalimtoka yakiwa yamepangwa. Alikuwa kijana wa mtaa mmoja na Mwamvua. Walikuwa wamefundishwa na maalimu yule yule, wakachapwa kwa bakora ile ile, na sasa alimwita dada, akitumaini kwamba hilo litasaidia kitu.

"Leo niite afande," Mwamvua alimwambia. "Dada yako amebaki nyumbani."

Kisa chenyewe kilijulikana wilaya nzima. Jumatatu, saa saba na dakika sita mchana, mvua ikinyesha, teksi isiyo na dereva ilimgonga mwanamke aitwaye Aline kwenye barabara ya Murungu, upande wa Kibondo, akitoka shambani na kikapu cha maharage alichokifunika turubai. Alifia pale pale. Gari likasimama, likawasha taa zote, likaanza kuwaomba watu wasogee kwa Kiswahili safi cha redioni. Waliokuwepo walisema hapo ndipo walipotaka kulichoma moto. Watu wa huko walikuwa wameshayapa magari hayo jina la bubu, kwa sababu yanapita bila kuitikia salamu, na siku hiyo bubu alisema na hakuwa na la maana.

Aliyekuwa kwenye kiti hicho kimoja ni Nasma, binti wa miaka ishirini na minne. Sasa alikuwa mahabusu Kibondo, na kesho Ijumaa saa tatu asubuhi angesomewa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Jalada lilikuwa jepesi kulibeba na rahisi kulisoma: gari liliona kitu lisichokielewa, likamwomba mtazamaji msaada, mtazamaji hakujibu kwa sekunde tatu. Mwamvua alilisoma mara mbili asubuhi ile na mara zote mbili alikasirika, kwa sababu jalada linalosomeka kwa urahisi namna hiyo huwa limeandikwa na mtu anayejua anataka liishie wapi.

"Katika sekunde hizo tatu alikuwa wapi?" aliuliza.

"Hapo hapo kitini."

"Akifanya nini?"

Ridhiwani alikohoa. Alisema alikuwa akitazama skrini ya tatu, ambako gari jingine lilikuwa limezibwa na bodaboda kule Heru Juu.

"Kwa hiyo alikuwa kazini."

"Kazini, ndiyo. Lakini si kwenye skrini iliyotakiwa."

Mwamvua aliliandika jibu hilo neno kwa neno. Kisha aliomba daftari la breki. Alikuwa amejifunza jana yake kwamba kila gari likifunga breki kwa nguvu huandika lenyewe saa na mahali, na hakuna mtu awezaye kufuta. Sababu ndiyo huandikwa na binadamu. Picha nazo hufutika baada ya siku kumi na nne, isipokuwa mratibu akisema zihifadhiwe.

Katika siku tisini za kwanza za majaribio, magari yalikuwa yamegusa kitu mara saba. Mwamvua alishuka na kidole chake taratibu. Nyakitonto, kuku wawili. Heru Juu, mbuzi. Nyakitonto tena, mbuzi. Heru Juu, baiskeli isiyo na mtu. Halafu Murungu, mbuzi. Murungu, mbuzi. Murungu, mbuzi. Kila mstari wa kwingine ulikuwa na jina la mwenye mali aliyekuja kudai, hata yule wa kuku alitembea kwa miguu kutoka Nyakitonto hadi mjini akiwa na manyoya kwenye mfuko wa rambo. Mistari mitatu ya Murungu haikuwa na jina la mtu.

"Mbuzi hawa watatu ni wa nani?"

"Hawakujulikana wenyewe."

"Ridhiwani, wewe umezaliwa hapa. Lini umesikia Muha kagongewa mbuzi akanyamaza?"

Mratibu alitazama dirishani, ambako pikapu yake ilikuwa imeegeshwa ikiwa safi kupita kiasi kwa wiki ya mvua. Mwamvua alilifuata jicho lake, akatoka nje, akainamia bodi la nyuma. Sabuni ya unga ilinukia, na chini ya sabuni kulikuwa na harufu tamu iliyochacha ambayo maji hayaiondoi upesi.

"Pombe ya ndizi," alisema.

Ridhiwani alicheka kidogo. Alisema ni vinywaji vya mkutano wa jamii, watu wa Murungu hawakutani vinywa vikavu, na yeye alikuwa amelisugua gari nusu siku ili aweze kwenda nalo Ijumaa bila kuwaudhi waumini. Alama ya sijda ilikuwa wazi kwenye paji la uso wake. Mwamvua alimwomba kitabu cha safari za pikapu, akakisoma akiwa amesimama. Pikapu ilikwenda Murungu mara nne tangu mwaka uanze. Mara tatu ilikuwa siku moja baada ya kila mbuzi asiye na mwenyewe. Mara ya nne ilikuwa jana.

Alikichukua kitabu, akasaini kwamba amekichukua, akamwita koplo wake, Ndayikeza, awashe gari.

Njia ya kwenda Kibondo ilikuwa ndefu ya kutosha kumpigia Isihaka, katibu wa kamati iliyoandika mpango wa majaribio. Alikuwa msomi mkimya aliyepoteza usingizi tangu Jumatatu, na alipojua ni polisi alianza kueleza hata kabla ya kuulizwa. Mwamvua alimwacha aseme. Isihaka alimwambia kwamba walipoanza, hakuna aliyejua teksi isiyo na dereva itafanya nini kwenye barabara yenye ukungu, ng'ombe na watu wenye mizigo kichwani. Wataalamu waliodai wanajua walibishana hadi wakaitana wajinga. Basi kamati ikaamua kuandika mpango unaokiri kwamba haujui.

"Sheria za kawaida hukata shauri siku moja, afande, zikalala," alisema. "Huu tuliutaka uwe macho. Unaanza kwa woga, unatazama barabara, unabadilika kwa kadiri inavyokwambia."

Woga wenyewe uliitwa Hatua ya Kwanza: mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, kila gari na mtazamaji wake. Zikipita siku tisini bila mtu kuumia, mpango unahamia Hatua ya Pili wenyewe: kilomita hamsini, mtazamaji mmoja kwa magari manne. Mtu mmoja akiumia, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Wakiumia watatu ndani ya siku tisini, magari yote yanaegeshwa mpaka kamati ikae.

"Na sasa hivi yako hatua gani?"

"Tumeyarudisha thelathini tangu Jumatatu jioni, mpaka chanzo kijulikane. Mahakama ikisema ni kosa la binti, basi gari halikukosa. Yatarudi hamsini."

"Na kwa mwendo wa thelathini, Jumatatu ile, gari lingefanya nini likingoja jibu la Nasma?"

Karatasi zilisikika zikipekuliwa kwenye simu kabla Isihaka hajajibu.

"Lingesimama lenyewe," alisema. "Kwa thelathini lingesimama mita nyingi kabla yake, hata mtazamaji angekuwa amelala fofofo. Kwa hamsini, lami ikiwa na maji, lisingeweza."

Mwamvua alimuuliza swali la mwisho, ambalo alikuwa ameliweka makusudi. Kamati iliijuaje barabara kama imesema au haikusema? Isihaka alijibu kwamba kulikuwa na namba ya simu ya bure, daftari la ajali katika kila ofisi ya kata, na taarifa ya mratibu kila mwezi. Kutoka Murungu, kwa siku tisini, namba haikupigwa hata mara moja na daftari lilibaki jeupe.

"Na mkafurahi."

"Tulifurahi," Isihaka alisema. "Mungu atusamehe. Tulidhani kimya ni habari njema."

Kimya kingi kina mshindo mkuu; hata mtoto wa chekechea anaijua methali hiyo. Ila watu wazima wakikaa kwenye kamati na chai ya maziwa huisahau. Mwamvua alikata simu.

Nasma aliletwa akiwa amejifunga mtandio vizuri, uso umevimba kwa kulia, na alikuwa amekwisha kuacha kujitetea. Hilo lilimtia Mwamvua uchungu kuliko machozi. Baba yake, mzee Hilali, muuza vitenge wa Kasulu, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu alfajiri na chupa ya uji ambayo haikuguswa. Mwamvua alimuuliza binti jambo moja tu, kuhusu mbuzi watatu wa Murungu.

Nasma alisema yule wa kwanza hakumwona, ilikuwa zamu ya mwenzake. Wa pili alimwona.

"Mbuzi hana gauni, afande. Nilimpigia kaka Ridhiwani palepale. Akaniambia nisiandike, ataandika mwenyewe akishakwenda kuwaona. Siku mbili baadaye nikamuuliza, akasema wameshapatana, wazee wamekaa, imekwisha. Wa tatu pia hivyo hivyo. Mimi nikaona kama wenyewe waliogongwa wameridhika, mimi ni nani."

"Ulikuwa na namba ya kamati."

"Nilikuwa nayo."

Mwamvua hakumtafutia udhuru. Aliliandika hilo pia, maana haki si kumpunguzia mtu sehemu yake. Lakini sehemu ya Nasma ilikuwa ndogo, na kesho saa tatu angebebeshwa yote. Neno lake peke yake dhidi ya la Ridhiwani lisingefika mbali. Alihitaji mtu mmoja wa Murungu, mmoja tu, aseme: nilikuwa mbuzi mimi.

Walifika Murungu saa tisa. Nyumba ya msiba ilitambulika kwa watu waliokaa kwenye mikeka bila kuongea. Baba wa marehemu, mzee Manirambona, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mrefu hata alipokaa, na fimbo nyeusi imelala mapajani mwake. Ndayikeza alimnong'oneza Mwamvua kwamba fimbo hiyo si ya kutembelea. Mzee huyo alikuwa mshingantahe, mmoja wa wazee wanaosuluhisha watu kwa desturi waliyovuka nayo kutoka Burundi, na katika vitongoji vile hakuna ugomvi uliokwisha bila fimbo hiyo kugonga ardhi.

Katikati ya ua, chini ya turubai, palikuwa na mtungi mkubwa wa udongo umefunikwa kwa majani ya mgomba, na mirija mirefu imesimamishwa kando yake. Mwamvua aliamkia, akatoa pole, akaketi mkekani kama wanawake wengine. Alihakikisha amekaa mahali ambapo aliuona ule mtungi.

Mzee aliitikia kwa upole. Alisema wamekuja vizuri, lakini wamechelewa kidogo, kwa sababu jambo la Aline linamalizwa leo. Bwana wa kampuni alileta mtungi jana, na wazee wenzake watafika jua likipungua.

"Na hao wengine watatu, baba?" Mwamvua aliuliza. "Waliogongwa kabla ya Aline?"

Watu kwenye mikeka walitazama chini wote kwa pamoja. Mwanamume mmoja mwembamba, aliyekaa nyuma na mguu mmoja umenyooshwa mbele yake kama gogo, aliuvuta taratibu chini ya kitenge cha mkewe. Mwamvua aliuona. Ndayikeza naye aliuona, akamuuliza jina lake kwa Kiha. Aliitwa Niyitegeka. Aliulizwa mguu umefanya nini. Alimtazama mzee, kisha akasema alianguka.

"Oya, hapana," mzee alisema. "Hakuna wa kuuliza hapa. Mambo hayo yalikwisha. Tulikunywa."

Ndayikeza alilieleza hilo pole pole, akijua kwamba afande wake ni Muislamu wa mjini na huenda hajui uzito wake. Aliyekosa huleta pombe. Aliyekosewa na aliyekosa wananyonya kutoka mtungi mmoja, mbele ya wazee. Baada ya hapo jambo limekufa. Anayelitaja tena, mahali popote, kwa yeyote, amemtukana aliyesamehe na aliyesamehewa, na wazee hawamkalishi tena kwenye baraza. Kwa mshingantahe kulitaja ni kuivunja fimbo yake kwa mikono yake.

"Naelewa," Mwamvua alisema. Alimgeukia mzee. "Mbona hamkwenda ofisi ya kata? Kulikuwa na daftari."

Mzee Manirambona alitabasamu bila furaha. Alisema aliingia nchi hii mtoto wa mgongoni, akapata uraia akiwa na mvi, na cheti chake kiko ndani ya nailoni mbili chini ya godoro.

"Sisi jina letu likiandikwa ofisini, mama, hatulali. Hatujui litasomwa na nani, mwaka gani. Pombe haina maandishi. Na yule kijana alikuja na heshima. Alipiga magoti. Dereva gani wa lori amewahi kurudi hapa kupiga magoti?"

Mwamvua alikubali kwa kichwa, kwa kuwa ilikuwa kweli. Ridhiwani hakuwa jambazi. Alikuwa kijana aliyejua desturi za watu, akajua pia mkataba wa kampuni yake utaongezwa tu ikifika Hatua ya Pili, akaviweka vitu hivyo viwili kwenye pikapu moja.

Alimweleza mzee jinsi mpango ulivyo. Hakutumia maneno ya Isihaka. Alimwambia kwamba wakubwa walioyaleta yale magari hawakuyajua, wakasema: tutayaendesha polepole, tutasikiliza watu wa barabarani. Wakilia, tutapunguza. Wakilia mara tatu, tutayasimamisha. Wakinyamaza siku tisini, tutayaongeza mwendo.

"Nani alilia?" mzee aliuliza.

"Hakuna. Siku ya tisini na moja yakaongezwa mwendo. Aline aligongwa siku ya kumi na mbili baada ya hapo."

Alisema hivyo waziwazi na kwa sauti ya kawaida, kwa sababu hakuna namna nzuri ya kulisema. Alijichukia alipomwona mzee akihesabu kwa vidole juu ya fimbo, moja, mbili, tatu, kisha akarudi kwenye kidole cha tatu na kukishika. Kidole hicho kilikuwa kimetosha kuyasimamisha magari yote. Mke wake, aliyekuwa amelala kifudifudi ndani karibu na mlango, aliacha kulia ghafla ili asikie.

"Basi nimemuua mimi," mzee alisema.

"Sikusema hivyo, baba."

"Wewe hukusema. Lakini nisingeweza kufanya vingine. Nilikuwa nimekunywa. Aliyekunywa hasemi, hata mwanawe akiwa barabarani. Ungeniuliza siku moja kabla, ningekaa kimya. Hata sasa nakaa kimya. Kesho mtamfunga huyo binti wa watu, na mimi nitajua, na nitakaa kimya. Ndivyo tulivyo."

Ndayikeza alifunga daftari lake. Alijua Kiha na alijua wazee, na kwake shauri lilikuwa limeishia hapo. Lakini Mwamvua alikuwa anautazama mtungi. Aliihesabu mirija. Halafu alikumbuka pikapu iliyosuguliwa nusu siku, na alama ya sijda, na bakora ya maalimu.

"Baba, nieleze vizuri mimi nisiyejua. Wanaokunywa ni nani na nani?"

"Aliyekosewa na aliyekosa."

"Kutoka mtungi mmoja."

"Ego, ndiyo. Mmoja."

"Asipokunywa mmoja wao?"

Mzee alimkazia macho. Alisema asipokunywa mmoja, hakuna kilichofanyika. Ni watu wamekaa wakalewa tu.

"Ridhiwani nimekua naye," Mwamvua alisema. "Tumesoma chuo kimoja cha Kurani. Husimama safu ya mbele kila Ijumaa. Jana alilisugua gari lake nusu siku kwa sababu ya harufu ya huo mtungi. Mara hizo tatu, baba, alinyonya?"

Watu walianza kutazamana. Niyitegeka ndiye aliyeongea, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu ambacho hakukiona kuwa kitu. Alisema siku yake, kijana wa kampuni aliushika mrija, akauinamia, kisha akaomba radhi kwamba tumbo linamsumbua. Akanunuliwa soda. Mwanamke mmoja upande wa pili alisema kwa mwanawe pia ilikuwa soda. Soda ya machungwa, aliongeza, kana kwamba rangi ingesaidia.

"Mliona," Mwamvua alisema.

"Tuliona," mzee alijibu. "Wote tuliona. Nilijua ni Muislamu. Nikawaambia wenzangu wasimtazame, tusimwaibishe mgeni. Niligonga fimbo upesi ili asipate taabu."

Ilikuwa adabu. Mwamvua alilifikiria neno hilo. Wazee waliona haya kumlazimisha Muislamu, Muislamu akaona haya kukataa, na kwa haya zao zote hizo hakuna upatanisho hata mmoja uliowahi kufungwa. Kwa desturi yao wenyewe, mashauri yote matatu yalikuwa bado wazi. Mzee huyu alikuwa huru kusema tangu siku ya kwanza, na siku zote alizokaa kimya hakuwa amefungwa na chochote.

Alimwona akilifikia hilo mwenyewe, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka kisimani gizani akipapasa kwa mguu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mzee huyu hakuwa ameficha, alikuwa ametii. Mwamvua angeweza kumfichia sehemu ya mwisho. Hakumfichia, kwa sababu kesho saa tatu ilikuwa karibu, na kwa sababu alikuwa askari, na askari hulipwa kuwa mkatili kwa watu sahihi na wasio sahihi.

"Mlikunywa peke yenu, baba," alisema. "Aliyekosa hakunywa. Jambo halikufa."

Mzee Manirambona aliinuka. Aliuendea mtungi, na watu wakadhani ataumwaga au kuuvunja kwa fimbo, wengine wakavuta miguu. Hakufanya hivyo. Aliikusanya mirija yote mkononi, akaihesabu, akamkabidhi mkwewe aiweke ndani. Kisha alirudi kwenye kigoda na kumwambia Niyitegeka asogee mbele.

"Sema," alimwambia. "Mwambie mama huyu aandike. Taja na siku."

Niyitegeka alisema. Alisema akitazama mguu wake, tarehe, saa, mahali, jinsi alivyochomoka ghafla kwenye mihogo na bubu likamsukuma hadi mtaroni na jinsi alivyomwambia mratibu jina lake kamili. Baada yake akasema yule mwanamke wa soda ya machungwa, kwa niaba ya mwanawe aliyevunjika mkono. Wa tatu alifuatwa shambani na akaja mbio na jembe begani. Ndayikeza aliandika kurasa sita, akamsomea kila mmoja maneno yake kwa Kiha, wakatia dole gumba, wengine wakifuta wino kwenye majani kwa haraka kana kwamba unaunguza. Mwamvua alimpigia mwendesha mashtaka akiwa bado mkekani. Alimweleza kwa ufupi kwamba Hatua ya Pili haikuwa halali, kwamba magari yalipaswa kuwa yameegeshwa tangu mtu wa tatu, na kwamba wa kukamatwa yuko Kasulu na pikapu safi. Akaambiwa akileta karatasi kabla ya saa mbili asubuhi, binti hatapandishwa kizimbani.

Ilikuwa habari njema. Hakuna aliyeifurahia pale uani.

"Na langu," mzee alisema.

Ndayikeza alifungua ukurasa mpya, akaandika juu yake kwamba ni maelezo ya shahidi. Mzee alijua kusoma. Aliliona neno, akaliwekea kidole.

"Si hapo. Niandike pale mnapowaandika waliokosa."

Ndayikeza alimtazama afande wake. Mwamvua alitikisa kichwa, akasema sheria haina ukurasa huo. Mzee alisema basi sheria yao ni nyembamba, na akatia dole gumba mahali alipoonyeshwa.

Walipokuwa wakiaga, kitu cheupe kilitokea kwenye kona ya barabara. Bubu lilikuja taratibu kati ya mashamba ya mihogo, vifuta-mvua vikienda ingawa mvua ilikuwa imekatika, kiti cha dereva kitupu, abiria mmoja nyuma akichezea simu. Bibi mmoja aliyebeba kuni alikuwa akivuka bila haraka. Gari lilimwona, likapunguza, likasimama mbali naye, likamngoja mpaka akafika upande wa pili na kurekebisha mzigo wake. Kisha likaendelea.

Mzee Manirambona alilitazama mpaka lilipopita mbele ya ua wake.

"Hilo ndilo lile?"

"Ni mwenzake," Mwamvua alisema. "Yamerudishwa mwendo wa mwanzo tangu Jumatatu. Safari hii aliyegongwa aliandikwa."

"Kumbe linaweza kusimama namna hiyo?"

"Linaweza."

"Siku zote liliweza?"

Mwamvua alitamani kumdanganya. Ndayikeza alikuwa tayari ndani ya gari na injini ilikuwa inanguruma.

"Siku zote, baba," alisema, akashika mkono wake wenye wino, na akaenda kupeleka karatasi.